Usimwambie Aonje Kwanza

Katungu mwanangu, mama yangu mdogo,

Nasikia unafunga ile valizi yako ya safari na kuifungua tena. Ni viatu, si ndiyo? Acha vile vyekundu. Beni kuna joto na mavumbi, utavichukia mapema. Ona sasa, nilikuwa nimejiambia sitaandika mambo ya viatu. Kadi yako iko wapi, utashukia wapi, umpigie nani wakisema barabara haipitiki, hayo yote nimekuambia mpaka ukachoka: "Mama, nimesikia, inatosha." Basi, inatosha. Hapa naandika lile ambalo nimeshindwa kukuambia kwa mdomo. Nafasi zilikuwepo, tena nyingi. Kila mara nilichoka kabla ya kuanza.

Kesho utalala kwa shangazi yako Kahindo, kule Beu, mtaa wa Beni. Shule ya kufundisha umeipata mwenyewe, lakini kitanda amekupa yeye. Alipopiga simu nilidhani kuna mtu amekufa, maana tangu baba yako atutoke hakuwahi kunipigia. Hakuzunguka. Alisema, "Nasikia mutoto wa kaka yangu anakuya kufundisha huku. Hapana kumutafutia nyumba. Mutoto wetu hawezi kulala kwa batu na miye niko." Nikasema aksanti. Akasema, "Haya," akakata. Nilibaki na simu sikioni kama mjinga.

Umeniuliza mara nyingi kwa nini mimi na yeye tunasalimiana kama watu waliokutana kwenye barrière ya askari. Nami nilikujibu, "Mambo ya wakubwa, endelea kula." Sasa wewe ni mkubwa na unaenda kula kwake. Huwezi kuingia nyumba ile bila kujua mama yako alifanya nini.

Unajua kwetu mgeni anapewa sucré, soda ya chupa. Chupa inaletwa ingali imefungwa, inawekwa mezani mbele yake, inafunguliwa akiona kwa macho yake, na kifuniko kinaachwa palepale karibu na chupa. Umekulia ndani ya desturi hiyo, pengine hukuwahi kujiuliza kile kifuniko kinafanya nini mezani. Kinasema: hapa hakuna mkono wa mtu uliotia kitu. Neno "sumu" halitamkwi. Chupa inalisema kwa niaba yetu, sisi tunacheka na kuulizana habari za shamba.

Mimi nililelewa na woga huo kuliko wengi. Kaka yangu mkubwa, hukumkuta, alirudi kutoka karamu moja Masereka akishika tumbo, na kabla ya Jumapili tukamzika. Ilikuwa sumu? Ilikuwa ugonjwa? Mpaka leo sijui, na waliosema wanajua nao hawakujua. Mama yangu hakungoja kujua. Alitukusanya sisi tuliobaki, akasema, "Kitu haina kifuniko, hapana kunywa. Na kama ni ya mukono, mwenye kukupa aonje kwanza." Alisema hivyo kila tulipotoka mlangoni, kama wengine wanavyosema "Mungu akulinde". Nilikunywa maneno yale kabla ya kujua kusoma.

Basi nilipoolewa na baba yako na kufungua boutique, hili duka letu, hapa Kimemi, Butembo, kitu cha kwanza nilichotaka kilikuwa frigo, friji ya vinywaji. Chumvi na sabuni kila mtu anauza. Mimi nilitaka nyumba ambayo mgeni akiingia moyo wake unatulia. Casier za sucré, zile kreti, zilipangwa mpaka dirishani. Ukiwa na malaria nilikupa sucré upate nguvu. Ukifaulu shuleni, sucré. Padri akipita, sucré, na nilipangusa chupa kwa kitenge changu kabla ya kuiweka mezani. Maji ya kunywa kwetu yalikuwa ya mtu asiye na kitu. Nilikuwa najivuna, Katungu. Acha nikuambie hivyo hivyo.

Na baba yako alikuwa mwalimu. Mwalimu anatembelea wazazi wa wanafunzi, na hakuna mzazi atakayekubali mwalimu atoke kwake na koo kavu. Nyumba hii chupa, nyumba ile chupa. Kukataa ni kumwambia mtu kwamba hata na kifuniko humwamini. Alikuwa anarudi jioni, anatazama ugali wangu na kusema, "Mama Katungu, tumbo limejaa heshima." Tulicheka sana juu ya neno lile.

Halafu ikaja kiu. Ulikuwa mdogo, pengine unakumbuka jinsi alivyokuwa anaamka usiku kwenda nje, akirudi anatafuta kinywaji. Alikonda. Kaptula za kazi za nyumbani zilimshuka, akawa anazifunga na kamba. Akaniambia, "Kiu hii si ya kawaida." Na mimi, mke mwema, mwenye frigo, nilimfungulia chupa. Alipomaliza nikamfungulia ingine. Kiangazi chote nilifanya hivyo, kwa upendo, nakuapia. Kiu ilikuwa inatoka kwa sukari, na mimi nilikuwa naituliza kwa sukari.

Infirmier, muuguzi wetu, alipopima alitwambia wazi: ugonjwa wa sukari, na sucré aache tangu leo. Nikamuuliza, "Sasa akunywe nini?" Akasema, "Maji, mama." Nilimkasirikia yule kijana wa watu. Niliona ametutukana. Mwenye boutique iliyojaa vinywaji anyweshe mume wake maji kama mbuzi? Nikajiona mwerevu: nikaanza kumpa nusu chupa, nikaanza kuchanganya sucré na maji. Baba yako alikunywa kila nilichompa. Hakuwa mtu wa kugombana na mkono unaompa.

Siku moja Kahindo akafika kutoka Beni bila kutuambia anakuja. Wewe ulikuwa shuleni. Sebuleni walikaa wamama wa kanisa waliokuja kumwombea mgonjwa. Kahindo aliwasalimu akiwa anatembea, akaingia moja kwa moja kwa kaka yake. Mkononi alikuwa na kibidon, kidumu kidogo, kimefungwa ndani ya kitenge, kingali na moto kidogo, na mfuko wa plastiki wenye shina la citronnelle, mchaichai, na udongo wake. Alikuwa amechemsha yale majani na tangawisi, bila sukari. Akasema, "Kaka, tangu tuko batoto Mama alikuwa anatupikia hii. Ukunywe, na hili shina tutalipanda hapa nyuma, usikose kila siku." Akamimina kwenye kikombe, akamuinua kichwa.

Nami nikamwambia huyo wifi yangu, mbele ya wale wamama wote, mlango ukiwa wazi: "Belle-sœur, onja kwanza."

Unaenda kufundisha watoto, unajua neno likitoka halirudi. Mgeni tu ndiye anayeonjewa. Watu walionyonya ziwa moja hawaonjeani. Ukimwambia mtu aonje kinywaji alichomletea ndugu yake wa tumbo, umemwambia: wewe unaweza kumuua. Nilijua hilo. Kila mtu mle ndani alijua, hata sala ilikatika.

Kahindo hakulia, wala hakunitukana, ningependa angenitukana. Alimlaza baba yako taratibu, akanywa kile kikombe chote akiniangalia. Akamimina cha pili, akanywa. Kisha akavuta kiti akakaa katikati ya chumba, mikono magotini. "Basi tungoje," akasema. "Tungoje pamoja, muone kama nitaanguka."

Baba yako akasema kwa sauti ndogo, "Kahindo, nipe." Nami nikasema, "Ngoja kwanza."

Nilisema hivyo, Katungu. La kwanza lilinitoka kwa woga, naweza kulisamehe siku zingine. La pili nilikuwa na wakati wa kulimeza.

Kahindo akasimama, akafunga kitenge chake vizuri, akamshika kaka yake mguu juu ya blanketi, akaondoka. Hakulala Butembo hata usiku mmoja. Alipopita kona nilichukua kibidon nikamwaga nyuma ya jikoni, na lile shina nikalitupa palepale. Nikanawa mikono. Halafu nikafungua frigo nikamletea baba yako chupa, nusu, nikaifungua mbele yake kama vile yeye ni mgeni. Aliangalia kile kifuniko mezani kwa muda mrefu. Kisha akanywa.

Alikufa kabla ya mvua kuanza vizuri. Infirmier aliniambia ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali, figo zimechoka, kikombe kimoja hakingebadilisha kitu. Namwamini. Sikuandikii ili unibembeleze, na ukirudi likizo usinitazame kwa huruma, sitaki. Lakini mume wangu aliomba kinywaji mkononi mwa dada yake, na mimi nikakizuia. Hakuomba tena. Kazi ya boutique haijawahi kunichosha hivi, wala barabara, wala habari za vita. Hiki ndicho kinanichosha.

Kwenye kilio Kahindo alikuja na maji yake ndani ya kibidon kilekile. Alilala nasi mikekani, aliimba, alizika, na hakutia mdomoni kitu cha nyumba yangu, hata uji. Watu waliona. Baadaye tulienda wote kwenye harusi ya mtoto wake, unakumbuka, ulivaa lile gauni la manjano. Alituketisha vizuri, akaleta chupa mbili zimefungwa, akaweka kifunguo cha chupa katikati ya meza, akasema kwa adabu kabisa, "Fungua weye mwenyewe, belle-sœur." Yangu ilikuwa ya moto, imekaa juani. Nilikusogezea. Wewe ulifurahi sana siku ile, ulikunywa yako na yangu.

Sasa lile shina. Mvua iliponyesha lilishika. Mimi nililitupa, halikupandwa na mtu, na likashika palepale kwenye maji ya kunawia vyombo. Nilipoliona limekuwa kijani nilitaka kuling'oa. Mkono ukakataa. Miaka yote ile nilipita pembeni yake nikienda kumwaga takataka, likaongezeka, likawa kichaka, wewe ukawa unakata majani unayanusa. Uliniuliza nani amepanda. Nikasema, "Limejiotea."

Mpaka siku miguu yangu mwenyewe ilipoanza kuwaka moto na kiu ikanishika. Nilienda kwa yule yule infirmier, sasa ana mvi. Alipima, akanitazama. Sikumuuliza nikunywe nini. Akasema mwenyewe, polepole, "Maji, mama." Na mimi nikasema, "Ndiyo, baba."

Usidhani nilipona tabia kwa machozi. Wiki za kwanza nilichemsha citronnelle na kuinywa nikikunja uso kama mtoto anayepewa dawa ya minyoo. Kichwa kiliuma. Nilikuwa najificha nyuma ya casier zangu mwenyewe nafungua chupa, naiba mali yangu. Siku moja ulinikuta. "Mama, unaficha nini?" Nikasema, "Dawa." Ukacheka mpaka ukakaa chini, "Dawa yenye mapovu!" Nilikasirika, halafu usiku nikacheka peke yangu. Baada ya hapo nilipunguza. Nikakamua marakuja, zile pasheni wanazoleta wamama wa Masereka, nikazizimua kwa maji bila sukari, mwanzoni ni chachu ya kukufunga macho, halafu ulimi unazoea na unaanza kusikia tunda lenyewe. Nikatia tangawisi kwenye citronnelle, kama Kahindo. Casier ya mwisho ilipotoka sikuagiza ingine. Wateja wakanitania, "Mama Katungu, boutique gani hii haina sucré, umeingia dini gani?" Wengine walihamia kwa jirani. Waende. Frigo sasa ina maziwa na marakuja, na wewe umekua ukinywa hivyo bila vita.

Vita ilibaki kwa wageni. Mgeni akikaa, naleta thermos ya citronnelle na vikombe, naonja kwanza mbele yake, kwa sababu ndiyo desturi. Wengi wanakunywa. Lakini mwaka jana alikuja mama mmoja, mtu wa heshima, rafiki yangu. Nilionja, nikammiminia. Akainua kikombe, akagusa midomo, koo halikusogea. Nilikuwa naangalia. Akaweka kikombe chini, akasema, "Tamu sana." Nilimwelewa, ningefanya vilevile. Lakini alipoondoka nilikaa na kikombe chake kilichojaa na nikajua, kwa mara ya kwanza ndani ya mwili, shangazi yako alisikia nini katikati ya kile chumba. Na yeye alikuwa kwa kaka yake.

Nilimpigia simu juma lile. Nilikuwa nimepanga maneno yangu vizuri. Aliposema "Allo" yote yakakimbia, nikamuuliza bei ya mihogo Beni. Akanijibu bei ya mihogo. Ndivyo mama yako alivyoomba msamaha.

Sasa wewe unaenda, na sikutumi uniombee msamaha. Nitaenda mwenyewe, barabara na miguu vikiruhusu. Hata sikuambii ukunywe kwa mkono wa kila mtu. Watu ni watu, Beni kama Butembo, na woga nilionyonya sijui kuutapika wote. Kwenye harusi wakikupa chupa, pokea, usiwaaibishe watu mbele ya wageni wao, na usiwahubirie walimu wenzako, utabaki bila rafiki. Wewe kunywa maji yako. Ila kiu ikikushika siku moja bila sababu, nenda upime kabla hujafungua frigo ya mtu. Ni damu ya baba yako hiyo, na yangu pia.

Lakini ndani ya nyumba ile ni kitu kingine.

Karibu na mlango utakuta mfuko umefungwa kwa gunia bichi. Nimechimba shina la citronnelle leo mchana, ulipoenda kusuka nywele. Usilisahau kwenye gari. Ukifika usiseme ni zawadi kutoka kwangu. Mwambie shangazi yako, "Tantine, hii ni yako, ilikuwa kwetu tu." Ataelewa. Atajua mahali ilipotoka, na atajua kwamba ilishika.

Halafu atakukaribisha. Wewe ni mtoto wangu, kwa hiyo ataleta chupa imefungwa, ataweka kifunguo karibu na mkono wako, na atageuka kidogo ili ufungue mwenyewe. Usifungue. Isogeze pembeni taratibu, mwambie, "Tantine, miye nataka ile unapika." Atasimama. Pengine atasimama muda mrefu, muache asimame. Nyumba yake haijawahi kukosa thermos, nilisikia harufu yake siku ile ya harusi.

Ataleta. Atamimina. Na kwa sababu yangu, kwa sababu ya neno nililosema mlango ukiwa wazi, atainua kikombe kukipeleka mdomoni mwake kwanza, ili usiogope.

Hapo, Katungu, uwe mwepesi. Chukua kikombe mkononi mwake kabla hajaonja. Mimi nitakuwa hapa na simu mapajani, usinijali. Kunywa mpaka chini. Kisha mpe kikombe, uombe cha pili, na umwambie hiki ni cha Baba.

Mama yako